Ndege ya miraa ilionya mara 27 kabla ya kuanguka

NAIROBI

Alfajiri ya Julai 2, 2014, kabla hakujapambazuka, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 yenye namba za usajili 5Y-CET iliondoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ikielekea Mogadishu. Shehena yake ilikuwa miraa. Haikufika mbali. Muda mfupi baada ya kupaa iliangukia jengo la biashara eneo la Utawala, Embakasi, na watu wote wanne waliokuwemo wakafa.

Kwa wafanyabiashara wa Meru na wenzao wa Somalia, hiyo ilikuwa safari ya kila siku. Miraa huchumwa, hufungwa kwa majani ya migomba na kukimbizwa Nairobi kwa magari, kwani baada ya siku mbili hivi hunyauka na bei huporomoka. Siku nane tu kabla ya ajali, Uingereza ilikuwa imeanza kutekeleza marufuku ya zao hilo, na soko la Somalia likazidi kuwa tegemeo.

Swali la kwanza lilikuwa gumu. Fokker 50 ina injini mbili, na ndege za aina hiyo hutengenezwa ziweze kuendelea kupaa hata injini moja ikizimika. Kwa nini basi ianguke jirani na uwanja ilikotoka?

Kazi ya kutafuta jibu iliangukia Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege ya Kenya. Kwa kanuni za kimataifa, nchi ilikotokea ajali ndiyo huongoza uchunguzi, na nchi iliyotengeneza ndege au injini ina haki ya kutuma wawakilishi wake. Fokker ni ya Uholanzi. Injini zake hutoka Canada. Lengo si kumtafuta wa kufungwa jela, bali kuzuia ajali nyingine.

Mashahidi wakuu katika kazi kama hiyo ni vinasa kumbukumbu, maarufu kama visanduku vyeusi. Kimoja hurekodi mwenendo wa injini na ndege, kingine sauti za chumba cha marubani.

Walijua kuna hitilafu

Hitimisho la uchunguzi halikutaja ndege wa angani wala hali mbaya ya hewa. Lilisema kuwa marubani waliamua kufanya safari huku hitilafu ya kiufundi ikijulikana, na kwamba hawakusitisha kupaa hata baada ya kupokea tahadhari 27. Injini ya kushoto ndiyo iliyokuwa na matatizo.

Nafasi ya kusimama ilikuwepo. Njia ya kurukia ya Jomo Kenyatta ina urefu unaozidi kilomita nne, zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya ndege ndogo kama hiyo. Ndege ikiwa bado chini na mwendo haujakolea, rubani huweza kupunguza nguvu za injini na kukanyaga breki. Magurudumu yakishaacha ardhi, nafasi hiyo imekwisha.

Kwa mwenye mzigo, hapo kuna somo. Mfanyabiashara hawezi kukagua injini, lakini simu zake za kuuliza "mbona bado?" hufika kwa wakala, na za wakala hufika kwa mwenye ndege. Shehena iliyolala uwanjani ni hasara inayohesabika: mabunda kadhaa yamenyauka, wateja wamekasirika, kesho inachumwa nyingine. Ndege ikianguka, mzigo wote umekwenda, na familia nne zinaandaa mazishi.

Wakala akisema ndege ina hitilafu na haitaruka usiku huu, jibu la busara ni kumwambia asubiri mafundi wamalize. Kawia ufike, walisema wahenga, na hawakuwa wamewahi kuona ndege.