AKIBA HAIOZI IKITUNZWA

Mkoa wa Tabora una miembe mingi. Mingi ilipandwa katika karne ya 19, wakati wa misafara kati ya pwani na Ujiji. Sisi wa Urambo tunakula matunda yake hadi leo.

Lakini msimu wa maembe ni mfupi. Maembe mengi huiva kwa pamoja, na mengine huoza chini ya miti. Kwa hiyo tunaweza kuyakata vipande na kuyakausha, kama tunavyokausha viazi vitamu kupata michembe.

Kukausha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza. Maembe huiva wakati wa mvua, na hewa huwa na unyevu. Embe kavu hunyonya unyevu kama chumvi. Likipata unyevu, huota ukungu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Tufanye nini?

1. Pima ukavu. Kunja kipande kilichopoa, kisha ukikamue. Kama hakitoi maji wala hakinati mkononi, kimekauka. Kama bado, kirudishe kwenye chanja.

2. Acha vipande vipoe. Ukivifunga vikiwa na moto, vitatoa jasho ndani ya chombo.

3. Tumia chombo safi, kikavu, chenye mfuniko unaobana. Usitumie mfuko wa mbolea wala kopo la dawa ya tumbaku, hata likioshwa mara kumi.

4. Jaribu kwa wiki moja. Jaza chombo theluthi mbili tu, ukitikise kila siku. Ukiona matone ya maji kwenye mfuniko, anika tena.

5. Weka chombo mahali pakavu penye kivuli, juu ya kichanja, mbali na ukuta. Usikiweke kwenye bani. Embe litanuka tumbaku.

6. Gawa akiba katika vyombo vidogo. Ukifungua kimoja, vingine hubaki salama. Kagua kila baada ya wiki mbili.

Ukiona ukungu, zika vipande vyote vya chombo hicho. Usikwangue ukungu na kula kilichobaki. Usiwape kuku, maana sumu hiyo huwadhuru pia. Ni hasara, lakini hasara ya kopo moja ni ndogo kuliko ugonjwa wa mtoto.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi tuongeze: ikitunzwa.

MASWALI

1. Kwa nini tunaacha vipande vipoe kabla ya kuvifunga?
2. Matone kwenye mfuniko yanatuonyesha nini?
3. Jadilianeni: Nyumbani kwenu mna vyombo gani vinavyofaa kwa kazi hii? Vipi havifai?