Jinsi mitandao ya kijamii inavyoathiri ulaji wa wanafunzi vyuoni

ZAMANI mwanafunzi wa chuo kikuu aliamua atakachokula kwa kuzingatia mambo mawili: pesa alizo nazo mfukoni na chakula kilichopikwa mkahawani. Siku hizi pana jambo la tatu, nalo ni simu yake.

Kabla ya kufika kibandani kuagiza ugali kwa sukuma wiki au chapati kwa maharagwe, aghalabu huwa ameshatazama video kadhaa za vijana wenzake wakila chipsi kwa kuku, piza na baga.

Mnamo 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha wanafunzi 369 wa vyuo vikuu. Walibaini kuwa kwa kila migao mitatu ya vitafunio na vinywaji vyenye sukari ambayo mwanafunzi alidhani wenzake wa Facebook hula, yeye mwenyewe alikula mmoja zaidi. Waliodhani wenzao hupenda matunda na mboga pia walikula zaidi vyakula hivyo.

Ingawa uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mtandao ndio chanzo, neno la kuzingatiwa hapo ni "kudhani". Ni nadra mtu kupiga picha sahani ya githeri anayoila kila siku. Hupiga picha piza ya siku ya kuzaliwa. Mwanafunzi mwenye marafiki 200 mtandaoni huona sherehe ya huyu leo na ya yule kesho, akaamini kwamba wenzake wote hula hivyo daima na ni yeye tu aliyeachwa nyuma.

Programu za simu nazo huchochea hali hiyo. Anayekawia kutazama video ya chakula huletewa nyingine za aina hiyo. Baadhi huwa ni matangazo ya watu mashuhuri waliolipwa, japo huonekana kama maoni ya rafiki.

Anayeumia kwanza ni mfuko. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) unaokusudiwa kumkimu mwanafunzi muhula mzima ukimalizwa kwa vyakula vya kuagizwa, majuma ya mwisho, wakati wa mitihani, hupitishwa kwa strungi na mkate. Wengine nao hujinyima chakula ili wafanane na miili wanayoiona mtandaoni.

Hata hivyo, kama wanafunzi huigana katika mabaya, wanaweza pia kuigana katika mema. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, kiasi kinachoweza kupatikana kwa mama mboga aliye nje ya lango la chuo. Anayepiga picha ndengu, managu na ndizi zake akazisambaza, huwakumbusha wenzake kwamba hicho ndicho chakula ambacho wengi wao hula.