Maabara ya Biolojia ya Molekuli: Mguu wa Mbu Unatosha (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza jinsi PCR inavyorudufu kipande cha DNA. Leo nauliza: mwanachuo wa shahada ya kwanza anafanya nini yeye mwenyewe? Katika vyuo vingi vya ukanda wetu mwalimu hufanya jaribio, darasa likachungulia. Hivyo sivyo mkono unavyojifunza.

Kijana wa Palma au Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, anaweza kusomea sayansi asilia Pemba, kwenye Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa mwaka 2006. Pwani hiyo ina somo tayari: mbu wa malaria. Anopheles gambiae, arabiensis na merus hawatofautishiki hata kwa darubini, ilhali tabia zao zinatofautiana sana. Gambiae hupenda damu ya binadamu na kuuma ndani ya nyumba. Arabiensis huuma pia ng'ombe, na mara nyingi nje. Merus huzaliana kwenye maji ya chumvi. Chandarua hakiwakabili wote sawasawa.

Mwaka 1993 Scott, Brogdon na Collins walichapisha njia ya kuwatambua kwa PCR. Mguu mmoja wa mbu mkavu unatosha. Gambiae hutoa kipande cha jozi za besi 390, arabiensis 315, merus zaidi ya 460. Kwenye jeli, ambamo kila kipande huonekana kama mstari, kilicho kifupi husafiri mbali zaidi.

Lakini kichupa ninachokithamini kuliko vyote ni kile kisichotiwa mbu, chenye maji tu mahali pa DNA. Mstari ukionekana hapo, majibu yote ya siku hiyo hayaaminiki. Mwanafunzi asihurumiwe kwa kupewa picha ya jeli ya mwaka jana. Atafute uchafu umeingilia wapi: ncha ya pipeti iliyotumika mara mbili, glavu, au maji yenyewe. Alama nyingi ningezitoa kwa msako huo.

Kabla ya hapo afanye mazoezi ya pipeti kwa maji na mizani: mikrolita 100 zina uzito wa gramu 0.1. Hayo hayagharimu kitu. Kimeng'enya cha PCR ndicho ghali, nacho hukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Basi kinunuliwe kidogo kidogo, na vipindi vyote vibanwe katika wiki chache, kwa kuwa umeme ukikatika kwa muda mrefu kinaweza kuharibika.

Tangu Oktoba 2017 vita vya eneo hilo vimefanya safari za vijijini kuwa hatari. Mbu wakusanywe majumbani mjini, hasa karibu na mikoko, na kila kichupa kiandikwe mtaa na tarehe.

Wiki ijayo: rangi za jeli na usalama wa taka zake.