Fukusi wa Gugu Maji Hawezi Kazi Peke Yake

Gugu maji linapofunga ufuo wa Ziwa Victoria huko Homa Bay, kilio cha kwanza huwa mashine au dawa. Hata hivyo, mdudu wa kulila yumo ziwani tayari. Ni fukusi wa milimita 4 hadi 5, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, naye ni wa aina mbili: Neochetina eichhorniae, wa kahawia yenye mabaka, na Neochetina bruchi, mwenye mstari hafifu wa umbo la V mgongoni. Wote asili yao ni Amerika ya Kusini, kama gugu lenyewe. Fukusi mzima hukwangua majani; funza wake hutoboa vikonyo hadi kwenye kitovu cha mmea, maji yakaingia, mmea ukaoza na kuzama. Wenye hofu na mahindi yao watulie: huyu si fukusi wa ghalani, na funza wake hulelewa na gugu maji.

Taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ilianza kuwaachilia upande wa Kenya mwaka 1997. Mwishoni mwa 1998 gugu lilifunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam ya ziwa hilo. Kufikia 2000 zilisalia mia chache tu. Baadhi ya wanasayansi wanasema sifa ni ya El Niño ya 1997/98, iliyoleta mawingu na mawimbi. Hoja hiyo ina uzito, kwani mawimbi huvunjavunja zulia la gugu. Lakini mvua kubwa za 2006 zilifuatwa na gugu kurudi kwa kishindo. Kama hali ya hewa ingetosha kuwa tiba, isingekuwa pia chanzo cha ugonjwa. Yaelekea mawimbi yalimalizia mimea iliyokwisha kudhoofishwa.

Mbona basi lilirudi? Mbegu zake hukaa kwenye tope hata miaka 20, na gugu linapozama, fukusi hukosa chakula na kupungua. Kizazi kipya humea kikiwa na maadui wachache, kikineemeka kwa mbolea inayosombwa mashambani na maji taka ya miji. Dawa ya kunyunyiza ingeua haraka, ila maji ya ziwa ndiyo wanayokunywa watu. Kwa hiyo kaunti za Homa Bay na Migori zifuge fukusi vidimbwini kila mwaka, gugu likiwa bado kidogo, na zizuie mbolea na maji taka yasifike ziwani. Bila hilo la pili, fukusi atakuwa anakula shamba tunalolipalilia sisi wenyewe.