Tushuke Mikumi, Tuione Mali Yetu

Kila siku mabasi yaendayo Iringa na Mbeya huipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, wilayani Kilosa, kwa mwendo wa karibu kilometa 50. Abiria hutupa jicho dirishani, huwaona twiga na pundamilia, kisha huurudia usingizi wao. Wageni huvuka bahari kuja kutazama yale ambayo sisi twayapita tumelala. Ndugu wasomaji, jambo hili lafaa kufikiriwa.

Hifadhi hii haikushuka kutoka mbinguni. Barabara ya Morogoro hadi Iringa ilipopitishwa katika nyika hiyo miaka ya 1950, wawindaji walipata njia rahisi ya kuwafikia wanyama, na risasi zikalia. Mwaka 1964, nchi ikiwa bado changa katika uhuru wake, eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi. Na mwaka 1975 likapanuliwa hata likafikia kilometa za mraba 3,230. Hiyo ni ardhi ya wananchi, na askari wake hukesha porini kwa niaba yetu.

Mfanyakazi mwenye likizo ya siku tatu aweza kupiga hema kambini humo. Alfajiri atawaona nyati, nyumbu, pofu na tembo katika uwanda wa Mkata, na bwawani viboko wakizama na kuibuka. Apendaye kutembea kwa miguu na aendelee hadi Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Msitu ule hautembelewi kwa motokaa. Mtu hupanda kwa miguu yake, na jasho lake hulipwa na maporomoko ya Sanje, yaangukayo meta 170 hivi.

Kupiga kasia, hata hivyo, mtu asikutafute Mikumi, maana maji yake ni makao ya viboko na mamba. Atakaye mtumbwi na aende maziwa ya Momela, katika Hifadhi ya Arusha. Atakaye mashua na aende mto Rufiji, katika Hifadhi ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Neno hilo lina ukweli nusu. Ada ya raia mlangoni ni ndogo mno kuliko ya mgeni. Kinachomlemea mnyonge ni gharama ya safari. Lakini mzigo wa mmoja huwa mwepesi ukibebwa na wengi. Tawi la chama cha wafanyakazi, au shule, likichanga kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, litashindwaje kukodi basi moja?

Faida yake si starehe tu. Katika barabara hiyo hiyo wanyama hugongwa na kufa, hasa na magari yaendayo mbio usiku. Matuta yamewekwa, na faini zimepangwa. Lakini tuta halimfundishi mtu kupenda kilicho chake. Aliyewahi kulala hemani Mikumi na kusikia simba akinguruma hatasinzia tena akipita pale. Yeye ndiye atakayeinuka kitini na kusema, “Ndugu dereva, punguza mwendo. Haraka haraka haina baraka.”