Balagha: Usemi Unaofika

Katika taaluma ya kusema hadharani, ambayo kwa Kiswahili huitwa ulumbi, istilahi ya kwanza inayostahili kufafanuliwa ni balagha, yaani ufundi wa kutumia lugha ili kumvuta na kumshawishi msikilizaji. Neno hili lina asili ya Kiarabu na mzizi wake una maana ya kufika, mzizi uleule uliokipa Kiswahili neno baleghe. Kwa hiyo usemi wenye balagha si usemi wa maneno makubwa, kama wengi wanavyodhani, bali ni ule unaomfikia aliyekusudiwa. Hadhira nayo ina mzizi wa kuwapo, uliozaa pia hudhuria na hadharani, na maana hiyo ni onyo kwa kila mlumbi: hadhira ni watu walio mbele yake saa hiyo, pamoja na mashaka yao na haraka zao, si wale aliowafikiria alipokuwa akiandika hotuba mezani.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliona kuwa ushawishi una nguzo tatu: itibari, yaani sifa za msemaji zinazofanya aaminiwe, hoja, yaani mantiki na ushahidi wa anayoyasema, na jazba, yaani hisia anazoziamsha nyoyoni mwa wasikilizaji. Ni nadra kuziona nguzo hizo zikishindana waziwazi kama katika hotuba mbili za mazishi zilizomo katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere, naye mlumbi wa kupigiwa mfano, alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, anaanza kwa kuegemea itibari yake, akiwataka raia wa Roma wamwamini kwa heshima aliyo nayo, kisha anajenga hoja iliyonyooka kwamba alimpenda Caesar lakini aliipenda Roma zaidi. Na raia wanamkubali. Antony, rafiki wa Caesar, anapopanda jukwaani baada yake hapingi lolote moja kwa moja, bali anaisifu heshima ya Brutus tena na tena, mbinu iitwayo takriri, akiitaja kila mara kando ya jambo jema alilolitenda Caesar, mpaka sifa inageuka kinaya, yaani usemi ambao maana yake imekuwa kinyume cha maneno yake. Anatumia pia swali la balagha, ambalo huulizwa si ili lijibiwe kwa sauti bali ili msikilizaji alijibu moyoni na kuamini kuwa jibu ni lake mwenyewe.

Hata hivyo, silaha yake kubwa ni kituo, dhana inayopuuzwa mno katika mafunzo ya ulumbi. Katikati ya hotuba Antony ananyamaza kwa majonzi, na ni katika ukimya huo raia wanaanza kunong'onezana na kubadili mawazo, kwa kuwa hadhira inayomiminiwa maneno bila kupumzishwa haipati nafasi ya kuyafanya kuwa yake. Kituo hakionyeshi udhaifu wa msemaji. Ni sehemu ya usemi wenyewe.

Mbinu za namna hii hazimo katika tamthilia tu. Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, tarehe 2 Novemba 1978, baada ya eneo la Kagera kuvamiwa, alitaja uwezo, sababu na nia katika kauli fupi zenye umbo moja, mbinu iitwayo usambamba, na Watanzania wengi wangali wanazikumbuka kwa ghibu.

Tukirudi kwenye tamthilia, Brutus alikuwa na hoja, lakini alipomaliza aliwasihi raia wabaki wamsikilize Antony, kisha akaondoka peke yake. Hakuwapo wakati hadhira ileile ilipogeuka na kwenda kuzichoma nyumba za waliomuua Caesar, ya kwake ikiwamo.