Dawa ya Msituni na Utando wa Kinywa

Katika msitu wa Kakamega umo mti uitwao Warburgia ugandensis, yaani muthiga wa Wakikuyu. Gome lake ni kali kama pilipili, na watu hulitafuna kwa maumivu ya meno. Ndani yake imo poligodiali, ambayo katika maabara huua kuvu iitwayo Candida, iletayo utando mweupe kinywani mwa watoto wachanga na wagonjwa waliodhoofika.

Lakini kuua kuvu katika chupa si kuponya mtu. Kinywani mate huiosha dawa upesi na kuipeleka tumboni. Kwa hiyo wataalamu hujaribu kuzichanganya dawa za mimea na ute unaonata, ili zikae mahali penye ugonjwa na kutoka polepole, kwa kipimo.

Mtoto mwenye utando asipewe gome. Apelekwe hospitali, akatibiwe kwa dawa iliyopimwa, kama nistatini.